Siku Tatu Baina ya Visiwa vya Kilwa



Wazazi wengi hutuuliza ni wapi jamaa ya Kiislamu yaweza kwenda kupumzika pamoja na watoto wake, mahali ambapo macho yatastarehe, Sala hazitapotea, na watoto watarudi na kitu kichwani. Sisi jawabu letu ni kuwa pwani yetu ina visiwa vingi, na vingine vimebeba historia ya Uislamu wa nchi hizi tangu zamani sana. Qur-ani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tukatazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Basi mwezi wa Desemba, shule zilipofungwa, tulifunga mizigo tukaenda Kilwa.

Twapenda kuwasimulia mazuri tuliyoyaona, na pia kosa tulilolifanya. Kwani msafiri anayesimulia mazuri peke yake huwa amesimulia nusu ya safari.

Tulikuwa watu sita: sisi wazazi wawili, mama yetu mzazi ambaye watoto humwita Bibi, kijana wetu wa miaka 16, binti yetu wa miaka 14, na mdogo wao wa kiume wa miaka 10. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni mwendo wa kilomita zipatazo 300 kuelekea kusini. Tulifika jioni, tukalala, na baada ya Sala ya Alfajiri tukateremka pwani ambako nahodha wetu, mzee mwenye maneno machache, alikuwa akitungoja na baharia wake mmoja. Chombo chao kilikuwa mashua ya tanga, isiyo na mashine.

Kabla ya kupakia, nahodha alihesabu watu, akahakikisha kila mmoja amevaa boya lake, hata Bibi aliyecheka na kusema kuwa amezaliwa pwani. Kisha akatazama madumu yetu ya maji matamu. Yalikuwa matatu, kila moja la lita 20.

"Bwana," akasema, "maji haya ni ya kunywa na kupikia. Kwa kutawadha, bahari hii hapa, haiishi."

Tukaitikia, "Inshaallah, Mzee." Na kwa hakika hatukuwa na sababu ya kumpinga. Imepokewa kuwa mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa wao husafiri baharini wakachukua maji kidogo, na wakiyatumia kwa udhu watashikwa na kiu, je, watawadhe kwa maji ya bahari? Mtume akamjibu kuwa maji ya bahari ni tohara, na maiti yake ni halali. Swali lile la mtu wa zamani ndilo lililokuwa swali letu sisi asubuhi ile, na jawabu lake lilikuwa mbele yetu, kijani na pana. Tulilijua jawabu. Kujua na kutenda, walakini, ni mambo mawili mbalimbali.

Tukasoma Dua ya safari, na ile aliyoisoma Nabii Nuhu (A.S.) watu wake walipopanda safina, kisha baharia akatweka tanga.

KILWA KISIWANI

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani si mpana, na kabla jua halijapanda sana tulikwisha tia nanga. Ilikuwa mwezi 13, siku za bamvua, na maji yalikuwa yakipwa kwa haraka. Ikatubidi kuvua viatu na kutembea majini mpaka ufukweni, Bibi akishikwa mikono huku na huku.

Jengo la kwanza mtu aonalo ni Gereza, ngome iliyo karibu na maji. Wareno walipouteka mji huu mwaka 1505 walijenga ngome mahali hapo, na hiyo inayoonekana sasa ilijengwa upya baadaye, zama za Waarabu wa Oman. Watoto walitaka kukaa hapo, lakini sisi tuliwahimiza mbele, kwani hamu yetu ilikuwa Msikiti Mkuu.

Tuelezeje, ndugu wasomaji? Mtu huingia kutoka juani akajikuta katika msitu wa nguzo za mawe, na juu yake kuba na matao yaliyoegemeana. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale zaidi. Wataalamu huihesabu kuwa ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa karne ya 14, ikabomoka, ikajengwa tena karne iliyofuata. Vifaa vyake ni vya hapa hapa pwani: matumbawe, chokaa iliyochomwa, na mchanga.

Ibn Batuta, msafiri mashuhuri wa Kiislamu kutoka Tanja, alifika Kilwa mwaka 1331. Aliukuta mji katika ufalme wa Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa ajili ya ukarimu wake. Ibn Batuta asimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani njiani baada ya Sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizozivaa. Na Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Tulipowaeleza watoto kisa hiki, mdogo wetu aliuliza kama Sultani alikuwa na nguo nyingine. Tukamwambia bila shaka alikuwa nazo. Akasema, "Hata hivyo alitoa zile alizozipenda, maana ndizo alizozivaa kwenda msikitini." Hatukuwa na la kuongeza.

Kitu kilichotushika zaidi, hata hivyo, hakikuwa kuba wala nguzo. Kilikuwa ule ua wa kutawadhia uliojengwa ubavuni mwa msikiti, wenye kisima, mabirika, na jiwe la mviringo la kusugulia miguu. Hebu fikirini: mji wa matajiri, waliouza dhahabu iliyotoka Sofala, wenye sahani za China majumbani mwao, umesimama juu ya kisiwa kilichozungukwa na maji ya chumvi. Maji matamu hayakuwa kitu cha kuchezea. Mtu alichimba jabali ayapate, akayajengea birika, akayahifadhi yasipotee.

Pale pale tuliwakalisha watoto tukawapa mawaidha marefu juu ya israfu ya maji. Tulisema vizuri sana. Twaona haya kidogo leo tukikumbuka jinsi tulivyosema vizuri.

Kisha tulikwenda Husuni Kubwa, kasri iliyojengwa juu ya mwamba zama za Abul-Mawahib huyo, yenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogelea la pembe nane. Mdogo wetu alizihesabu pembe zote nane akizigusa moja moja. Binti yetu aliokota njiani kigae cha chombo cha kale, cha rangi ya kijani kama maji ya kina kifupi, akataka kwenda nacho nyumbani. Tukamwambia kuwa kigae kile ni amana: kikikaa mahali pake huwaeleza wataalamu habari ya nyumba nzima, na kikiondolewa huwa kipande cha udongo tu, tena sheria ya nchi yakataza. Akakirudisha pale pale, akakifunika kwa mchanga kidogo kana kwamba anakilaza.

KIBLA NYUMA YETU

Wakati wa Adhuhuri ulipoingia tulirudi kwenye mashua kutawadha. Tuliposafiri kutoka Dar es Salaam tulikuwa tumevuka masafa ya kupunguza Sala, na nia yetu haikuwa kukaa siku nne kamili mahali popote. Basi, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, iliyo madhehebu ya wengi katika pwani yetu, tuliruhusiwa kusali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili. Tuliwaeleza vijana kuwa ruhusa hii ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa msafiri, na sadaka haikataliwi.

Tulitawadha haraka, kwani nahodha alikuwa akitazama maji yaliyoanza kujaa. Dumu la kwanza lilikuwa karibu na mkono. Bibi alisema maji ya chumvi humwasha miguu. Kijana akachota kopo, binti akachota, nasi wazazi tukafuata. Hatukuona neno.

Tulipong'oa nanga, upepo wa kaskazi ulikwisha shika. Huu ndio upepo wa miezi ya Desemba hata Machi, ule uliowaleta mabaharia wa Arabuni na Ghuba katika pwani hii kwa karne nyingi. Tanga likajaa, na mashua ikaelekea kusini, bila kishindo, kama kitu kinachovutwa kwa kamba.

Mdogo wetu alikuwa amekaa tezi karibu na nahodha, na hapo aliuliza swali lililotunufaisha sote: Kibla ki wapi baharini? Nahodha akamwonyesha kwa kidole nyuma yake. Makka na Kilwa ziko karibu juu ya mstari mmoja wa ramani, moja kaskazini na moja kusini. Kwa hivyo mihirabu yote ya Kilwa hutazama kaskazini. "Kaskazi hutoka Kibla, mwanangu," akasema mzee. "Ukienda Songo Mnara Kibla kiko kisogoni. Ukirudi, kiko usoni, na upepo nao uko usoni. Kwenda ni rahisi."

Tulilisikia neno lile la mwisho, lakini hatukulipima.

SONGO MNARA

Tulifika saa kumi ya mchana, maji yakiwa yamejaa tele. Kisiwa cha Songo Mnara kimezungukwa kwa sehemu kubwa na mikoko, na mashua ikapita katikati ya matawi mpaka mahali penye mchanga mweupe. Baharia alikwenda nasi kijijini kuwaamkia wazee na kuomba ruhusa ya kulala pwani. Tukapewa kwa moyo mkunjufu, pamoja na maonyo ya mahali pa kuepuka.

Tukasimamisha mahema mawili, na turubai kati yake. Kijana na baharia waliota moto, wakachoma changu waliowanunua njiani kwa wavuvi. Bibi akapika wali wa nazi. Magharibi na Isha tulisali pamoja juu ya mchanga, na mwezi ulikuwa umepanda mkubwa upande wa bahari. Baada ya nyiradi, Bibi aliwasimulia wajukuu wake jinsi baba yake alivyokuwa akisafiri kwa jahazi, na jinsi watu wa nyumbani walivyohesabu siku kwa kutazama upepo. Watoto wetu, ambao mjini kila mmoja hukaa na simu yake pembeni, walilala vichwa vyao vikiwa magotini pa bibi yao. Kwa jambo hilo peke yake safari ilikuwa imekwisha lipa gharama yake.

Asubuhi tulikwenda kwenye magofu. Mji huu ulisitawi baina ya karne ya 14 na ya 16, na masalio yake ni misikiti mitano, kasri, na nyumba za mawe zaidi ya thelathini, ndani ya ukuta wa mji. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu yake yafurahisha: dari zilibebwa na boriti za mikoko, basi upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Mti wa pwani ndio uliompa fundi kipimo chake. Katikati ya mji pana uwanja ulio wazi wenye makaburi na msikiti mdogo, hata mtu aweza kusema kuwa watu wa Songo Mnara waliishi milango yao ikiwatazama wafu wao. Tuliwasomea Fatiha, tukawaombea rehema.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwani mawimbi yalikuwa yakila pwani, mvua ikilainisha chokaa, na mizizi ikipasua kuta. Baada ya kazi ya miaka mingi ya kutengeneza na kulinda, yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Vijana wetu na wajue kuwa ukuta hauanguki siku moja. Huanza kwa ufa ambao mtu apita kila siku asiuone.

DUMU TUPU

Tulikuwa tumepanga kuondoka jioni ya siku ile ya pili, maji yajaapo. Tukavunja mahema, tukasali Adhuhuri na Alasiri, tukapakia. Nahodha akasimama kwa muda mrefu akitazama nje ya mikoko, ambako bahari ilikuwa imegeuka nyeupe kwa mapovu.

"Leo hatutoki," akasema.

Tukambembeleza. Tulikuwa na kazi, tulikuwa na basi la kesho. Akatueleza kwa upole kwamba kaskazi ilikuwa imekaza, tena ya omo. Itabidi kupiga bisho usiku, pamoja na mtu mzima na watoto, katika milango yenye mafungu ya mchanga. Lakini alfajiri, upepo wa baharini ukipungua, hutoka umande, upepo mwepesi wa bara uvumao ubavuni, nao utatupeleka salama. Wazee walisema kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tukamtii, tukasimamisha mahema mara ya pili.

Ndipo tulipokwenda kuteka maji ya chai, tukalikuta dumu la tatu, la mwisho, limebaki maji yasiyozidi kina cha kidole.

Tulishtuka, na katika mshtuko tulitafuta mtu wa kumlaumu. Macho yetu yakamwangukia mdogo wetu. Kwanza, ni mtoto apendaye kuchezea maji. Nyumbani tumemkemea mara nyingi kwa kuacha mfereji wazi. Pili, asubuhi ile tulikuwa tumemwona amechutama karibu na madumu akiwa na kopo mkononi. Hatukutaka ushahidi mwingine. Tulimwita, tukamkemea kwa sauti kubwa mbele ya bibi yake, ndugu zake, nahodha na baharia. Tulimwambia kuwa amemwaga maji ya watu wanane kwa mchezo. Tulimkumbusha hata mawaidha yetu ya Kisiwani.

Mtoto alisimama wima. "Baba, mimi sikumwaga," akasema.

"Kopo ulilishikia nini?"

"Nilikuwa nalisuuza. Mimi natawadha bahari, tangu jana. Nahodha alisema."

Tukamwambia asiongeze uwongo juu ya kosa. Hapo akanyamaza, midomo ikimtetemeka.

Nahodha, aliyekuwa akishona tanga, aliweka sindano yake chini. "Bwana," akasema, "kabla hujamhukumu mtoto, tuhesabu maji."

Akalichukua kopo letu, ambalo huchukua nusu ya lita. Akamwuliza Bibi kwa adabu: udhu mmoja makopo mangapi? Bibi akasema, "Manne hivi." Akawauliza kijana na binti, wakasema manne. Akatutazama sisi. Manne. Watu watano, basi, lita mbili kila mmoja, ni lita 10 kwa udhu mmoja wa jamaa. Tangu tulipotia nanga Kisiwani tulikuwa tumetawadha mara nne: Adhuhuri ya jana, Magharibi, Alfajiri, na Adhuhuri ya leo. Lita 40. Madumu mawili kamili. Lita 20 zilizobaki zilinywewa na kupikiwa na watu wanane kwa siku mbili, na hapo hapakuwa na ziada hata kidogo.

"Na huyu," akasema nahodha akimwonyesha mdogo wetu, "kila wakati wa Sala ametawadha nami pale kwenye maji, bega kwa bega. Mimi ni shahidi."

Ndugu wasomaji, hapana mtu aliyemwaga maji yale. Tuliyamaliza sisi wenyewe, kopo kwa kopo, kila mmoja akiona kuwa kopo lake ni dogo. Na mtu pekee aliyeitii amri ya nahodha ndiye tuliyemhukumu. Tena tulitenda kosa hilo katika udhu, yaani katika ibada, ambamo Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimkataza Sahaba wake Saad kufanya israfu hata kama yuko kwenye mto upitao maji. Wazee wetu husema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tuliona siku ile kuwa haba na haba hukimaliza pia.

Kulikuwa na jambo moja la kufanya, nalo lilikuwa zito kuliko kutweka tanga. Wazazi wengi huona kuwa mzee akimtaka mtoto radhi heshima yake hupungua. Nasi tulilihisi jambo hilo. Ulimi ulikuwa mzito. Lakini tulikuwa tumemwaibisha hadharani, basi haikutosha kumwomba radhi kando, kwa mnong'ono. Tulimwita tena mbele ya watu wale wale, tukasema: "Mwanetu, ulisema kweli, nasi tulikuita mwongo. Tumekudhulumu. Twakuomba utusamehe."

Akatazama chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Haidhuru, Baba," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini nina kiu."

Neno hilo lilitukata kuliko lawama yoyote.

MAJI YA WATU WA KIJIJI

Yale maji ya kina cha kidole yaligawanywa baina yake na Bibi. Kisha, baada ya Magharibi na Isha, ambazo safari hii sote tulizitawadhia bahari, tulishika njia ya kijijini kwa mbalamwezi, sisi, mdogo wetu na baharia, na dumu tupu. Mtoto alitembea mbele, ameshika lile kopo.

Tulibisha hodi katika nyumba ya kwanza. Akatoka mama mmoja mtu mzima, akasikiliza haja yetu, akaingia ndani. Tulimsikia akimwamsha mjukuu wake. Kwa muda mfupi wakawa wametujazia dumu kwa maji waliyokwisha yateka kwa matumizi yao ya kesho. Maji yenyewe yalikuwa na munyu kidogo. Tulipotia mkono mfukoni alikunja uso.

"Msafiri hauziwi maji," akasema. Kisha akamwona mtoto, akamchotea kwanza katika kata yake mwenyewe, naye akanywa mpaka akatosheka.

Tulikuwa tumesimulia asubuhi ya jana habari za Sultani aliyevua nguo zake akampa fakiri, kana kwamba ukarimu ule ulizikwa pamoja na mji wake. Kumbe ungali hai, katika nyumba ya makuti, kwa mtu ambaye kesho yake ataamka mapema aende kisimani mara ya pili kwa ajili yetu.

Njiani kurudi, mtoto alitushika mkono. Hatukusema mengi.

Saa kumi na moja alfajiri, maji yakiwa bado yajaa, tulisali pwani tukaondoka. Umande ulivuma kama nahodha alivyosema, mwepesi na wa baridi, wenye harufu ya mikoko. Mashua ikaelekea kaskazini, Kibla mbele yetu. Kabla ya Adhuhuri tuliwasili Masoko, wote salama, Alhamdulillahi.

USHAURI WETU

Jamaa itakayopenda kufanya safari kama hii, twaishauri mambo machache. Chukueni kibali cha kuzuru magofu mapema mjini Masoko, na mtembee na mwenyeji ajuaye mahali. Msipande juu ya kuta, wala msiondoe hata kigae. Ulizeni habari za bamvua na za upepo kabla ya kupanga siku, na siku zote wekeni siku moja ya ziada, ili msije mkamshurutisha nahodha kutoka asipotaka. Vaeni maboya. Maji matamu mliyonayo, yawekeni chini ya mtu mmoja, ayapime. Na kwa udhu, bahari yatosha.

Imepokewa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo yakaribia kibaba chetu cha Kiswahili. Tuliporudi nyumbani, mdogo wetu alitafuta mkebe unaochukua kiasi hicho, akauweka karibu na mfereji wa kutawadhia. Hakumwambia mtu neno. Tangu siku ile mfereji haufunguliwi kwa udhu katika nyumba yetu. Kila mmoja huchota mkebe wake mmoja, na unatosha. Bibi ndiye aliyeanza kuutumia, na sisi wazazi tukafuata.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga visima vya Kilwa, amlipe kheri mama yule wa Songo Mnara, na atujaalie sisi wazazi kuwasikiliza watoto wetu kabla ya kuwahukumu. Amin.